Mwezi Mchanga Kwenye Rola

Bonde la Ave, Ureno, 4 Februari 2024

Baba Mkubwa Zeferino,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba baridi ya Luxemburg haijakugandisha kabisa. Sisi huku tupo. Mama anakohoa lakini hataki kuitwa mgonjwa. Juzi nilimkuta juu ya ngazi anachuma machungwa, nikamfokea, akaniambia, "Kwani wewe umekuwa mama yangu lini?" Mvua haijakatika tangu Krismasi na ukuta wa jikoni umeota ukungu. Dada Graça na watoto hawajambo? Na wewe, bado unanyoa bila kioo na kwenda kanisani na vipande vya karatasi kidevuni?

Ningepiga simu, ila mitambo ya kufuma ilikula masikio yako kabla sijazaliwa, na Dada Graça akikueleza ninayosema hukata nusu. Kwa hiyo nakuandikia.

Jambo lenyewe ni hili: mashine yako iko hai. Tumekodi lile bohari la kupaka vitambaa mpira pale kiwandani Fontão kutoka halmashauri, tuko watu sita, na Hermínio, fundi mitambo wetu, ameitoa mashine chini ya maturubai na kuiwasha. Hatupaki mpira kwenye vitambaa vya makoti ya mvua kama ninyi. Tunayeyusha plastiki ya aina fulani, tunaichanganya na unga laini wa kauri, tunaupaka uji huo juu ya karatasi ngumu, unakauka tanurini na kuwa utando mwembamba, kisha tunaupitisha kwenye umeme mkali mpaka utando uamke. Ukishaamka, kila ukibonyezwa hutoa umeme kidogo, hata kwa mguso wa kidole. Ukiulaza chini ya godoro la mgonjwa unahesabu moyo na pumzi zake, na yeye hafungwi waya hata mmoja.

Kwenye maabara tunautengeneza vizuri, kipande cha ukubwa wa leso, kwa mkono. Kwenye mashine unatoka na mapovu na michirizi. Mtengeneza magodoro mmoja anataka mita mia mbili mfululizo, bila tundu, kabla ya mwisho wa Julai. Tukishindwa, halmashauri inachukua bohari lake na sisi sita tunatafuta pa kwenda. Ulisimama mbele ya mashine ile miaka ishirini na tisa. Nifundishe.

Mwanao,
Ivone

*

Esch, 19 Februari 2024

Mwanangu Ivone,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mimi mzima, magoti ndiyo yananidai. Graça anafanya kazi ile ile ya usafi wa ofisi, wajukuu wanaongea Kifaransa kwa haraka kiasi kwamba hata midomo yao siisomi tena. Lifti ipo lakini napanda ngazi, ghorofa nne, na Graça anadhani babake anajiandaa kwa Olimpiki.

Sasa nisikilize. Mnaukoroga uji kama watu wenye hasira. Ukorogeni taratibu, kisha uacheni utulie saa nzima, umefunikwa, mapovu yapande yenyewe. Unga wa kauri ni mzito, utazama chini, kwa hiyo mkiumimina muupitishe kwenye chujio la hariri na sinia lisikae limejaa. Kisu, kile chuma kirefu kinachosawazisha uji mbele ya rola, msikikaze kwa pupa. Anzeni juu, mteremshe kidogo kidogo mashine ikitembea.

Kuna jambo mtu mwenye masikio hawezi kulijua. Mimi kisu nilikisikia kwa goti. Egemeza goti la kulia kwenye fremu. Kisu kikikaa sawa, fremu inatetemeka kama paka aliyeshiba. Kikikwaruza utajua kabla jicho halijaona mchirizi. Fanya hivyo hata kama Hermínio wako atakucheka.

Tena, kila jora likiisha, kata kipande cha mzunguko mzima wa rola, sentimita mia na hamsini na saba. Kikunje, andika tarehe na saa, tia saini. Ndivyo tulivyofanya Fontão siku zote. Kosa la kisu hutokea popote, lakini kosa la rola hurudi pale pale kila mzunguko, na ukiwa na mzunguko mzima mkononi hudanganyiki.

La mwisho. Ile kinga ya chuma mbele ya rola, usiifungue mashine ikiwa na umeme. Hata uji ukiganda kwenye kisu. Hata Hermínio akisema ni sekunde moja tu. Zima, chomoa, ufunguo ukae mfukoni mwako. Unaona nilivyokandamiza kalamu, karatasi imetoboka.

Msalimu mama yako.

Zeferino

*

Bonde la Ave, 20 Machi 2024

Baba Mkubwa,

Habari za siku nyingi. Kikohozi cha Mama kimepona, kamelia zimechanua mpaka zinaudhi, na ukungu wa jikoni umepakwa chokaa. Mapovu yamekwisha! Hermínio alicheka goti langu siku ya kwanza, siku ya pili nikamkuta yeye ndiye ameegemeza lake. "Mwambie mzee," akasema, "nikistaafu naenda kumpigia magoti huko huko."

Tarehe kumi na mbili imepita. Mama alifua mapazia kama anavyofanya kila mwaka siku aliyokufa Baba. Kaburini bado hataki kuweka picha. Safu nzima ile kila jiwe lina sura ya mtu isipokuwa la Belmiro Lages. Nilimwuliza tena mwaka huu, akanijibu bila kugeuka, "Mtu aliyefungua kinga mwenyewe na kutia mkono kwenye mashine, akaacha mtoto wa miaka mitano, ana sura gani ya kutazamwa?" Najua rola ninayoipangusa kila asubuhi ndiyo hiyo hiyo. Watu wananiuliza kama siogopi. Naogopa, ndiyo maana nakagua kila kitu mara mbili.

Sasa tatizo. Tukiupitisha utando kwenye umeme mkali, cheche zinautoboa. Tundu dogo, lenye umbo la mwezi mchanga, na linarudi kila sentimita mia na hamsini na saba. Tukiunganisha utando na kipimo, mstari unaruka kila mzunguko mahali pale pale, tap, tap, utadhani kuna mtu anatembea juu yake. Hermínio akatania, "Ni baba yako huyo, anatuhesabia mita." Kisha akaona uso wangu akaenda kunawa mikono muda mrefu sana.

Nilipitisha ukucha kwenye rola. Kipo kidonda hapo, mwezi mchanga mdogo, kingo zimeinuka, kwa hiyo uji unakuwa mwembamba juu yake na umeme unapenya. Kwenye makoti ya mvua hakuna ambaye angeona. Baba Mkubwa, unakijua? Kilitokana na nini?

Ivone

*

Esch, 2 Mei 2024

Mwanangu,

Nisamehe kuchelewa. Pasaka imepita bila padri kuleta msalaba mlangoni kama huko kwetu, maana huku hakuna anayetandaza petali za maua kwenye kizingiti kumpokea. Graça aliandaa samaki mkavu na viazi, chumvi ikazidi, tukala tu. Mjukuu mkubwa amevunja kidole kwenye mpira wa mikono. Mvua huku nayo haina adabu. Mtunza bustani wa jirani ni mtu wa Braga, tunacheza karata naye Jumamosi, mwizi mkubwa.

Nimefurahi kuhusu mapovu. Mwambie Hermínio goti likizoea aanze kujaribu kiganja, kiganja kinasikia hata beringi za rola zikikauka mafuta.

Hiyo alama ilikuja na mashine, mwaka sabini na nne. Tuliikuta. Kateni utando kati ya alama na alama, kila kipande mita moja na nusu, godoro gani linahitaji zaidi ya hapo?

Mwambie mama yako namsalimu. Au basi, usimwambie.

Z.

*

Bonde la Ave, 16 Mei 2024

Baba Mkubwa,

Shikamoo tena, na pole kwa samaki wa chumvi. Mama anasema Graça amerithi mkono wa mama yake kwenye chumvi, na alisema hivyo akicheka, jambo ambalo silioni mara nyingi.

Kukata haiwezekani. Mnunuzi anayo mashine yake inayomeza jora zima. Anataka mita mia mbili mfululizo au hataki kabisa.

Tumemleta fundi wa kuchonga rola kutoka Porto, mzee mwenye vidole vinene na maneno machache. Aliipima baridi, ikazunguka sawa. Akaipasha joto kama inavyokuwa kazini, ikayumba kidogo. Akasema rola hii ilifanyiwa ubabe. Ama kitu kizito kiliiangukia na ngozi yake ina ufa kwa ndani, ama ililazimishwa kuinuka na ekseli ikapinda. "Mama," akaniambia, "dawa ya hili ni sumu ya lile. Ikiwa ni ufa nikanyoosha ekseli, inapasuka mikononi mwangu. Ikiwa ni ekseli nikachonga tu, namaliza chuma bure. Na kufungua ili nione ni kuiua. Mchongo ni mmoja, chuma hakitoshi miwili. Nani aliyekuwepo ilipoumizwa?"

Nikamwambia iliumia kabla haijafika Ureno. Akatikisa kichwa. Akasema chuma kinachong'aa kilichopakwa juu ya rola kilipakwa hapa hapa Ureno sabini na nne, na kidonda kimekikata. Kwa hiyo kidonda ni cha baadaye.

Sikuandikii ili kukushika uongo. Umesahau, yawezekana. Lakini nikikosea nachoma riziki ya watu sita na hakuna rola nyingine kama hii duniani. Fikiri vizuri, tafadhali. Ulimwona nani akiigonga?

Ivone

*

(Kadi ya posta, picha ya daraja jekundu)

Esch, 24 Mei 2024

Ekseli. Upande wa kushoto, wa dirishani. Iliinuliwa kwa mtalimbo, kama milimita mbili. Ngozi ya rola haina ufa. Anyooshe ekseli kwanza, ndipo achonge. Asithubutu kufungua.

Z.

*

Bonde la Ave, 12 Juni 2024

Baba Mkubwa,

Ulikuwa sahihi mpaka kwenye milimita. Fundi wa Porto alinyoosha ekseli, akachonga, akaipaka upya chuma king'aacho. Rola imerudi jana na haina mwezi. Unaweza kunyolea ndevu mbele yake, kama ungekuwa mtu wa vioo.

Mama hajambo. Amepanda maharage. Najilazimisha kuandika habari za maharage ili nichelewe kufika kwenye jambo lenyewe.

Tulipokuwa tunaondoa rola ilibidi tusogeze kabati la ukutani. Nyuma yake kuna mlango, na ndani yake vipande vyenu vyote vya mzunguko mmoja, vimekunjwa mwaka kwa mwaka, vimefungwa kwa kamba. Nilitafuta mwezi mchanga. Nilianza mwaka wa themanini na tano, nikatandaza kipande baada ya kipande kwenye meza dirishani. Hakuna. Themanini na sita, hakuna. Machi themanini na saba, tarehe kumi na moja, hakuna. Kisha kipande cha kijani, tarehe kumi na mbili, saa nane na dakika hamsini mchana. Kina mwezi mchanga. Na vyote vinavyofuata vinao.

Saini yake ni yako.

Karatasi ya uchunguzi wa kifo cha Baba ipo kwenye droo ya Mama, chini ya cheti cha ndoa. Nimeisoma tangu nikiwa na miaka kumi, naijua kwa moyo. Inasema Belmiro Lages alikuwa peke yake mashineni, alifungua kinga kinyume cha amri, na kwamba kaka yake Zeferino alikuwa kantini tangu saa nane mpaka kengele ya saa tisa.

Ulijuaje kuhusu mtalimbo?

Ivone

*

Bonde la Ave, 30 Julai 2024

Baba Mkubwa,

Sijapata jibu. Dada Graça ananiambia kwa simu kwamba unakula, unalala, unacheza karata, na barua zangu umezipokea.

Mita mia mbili zimetoka. Tundu, hakuna hata moja. Siku ya kupima tulimlaza Mama kwenye godoro lenye utando chini yake. Alilala na viatu, akidai haendi kujionyesha miguu mbele ya Hermínio, na mstari ukaanza kuruka kwenye kioo cha kompyuta, moyo wake huo, unapiga vizuri kuliko wangu. "Ndiyo mimi hiyo?" akauliza. "Mbona kana kwamba namkimbia mtu?" Mnunuzi ameweka sahihi. Bohari ni letu miaka mitano.

Ningepaswa kuwa na furaha. Nikikanyaga sakafu ile nasikia tap, tap, ingawa rola haina tena kitu cha kugonga.

Nakuuliza swali moja, sina la pili. Ulikuwa kantini?

Ivone

*

Esch, 8 Septemba 2024

Ivone,

Wote hapa wazima. Barua zako mbili zilikaa chini ya kitambaa cha meza, nimekuwa nikila juu yake miezi mitatu. Leo nimekiondoa kitambaa.

Sikuwa kantini.

Kwenye makoti ya mvua, kila ukisimamisha mashine uji huacha mstari, na jora lenye mstari hushushwa daraja. Kwa hiyo sote tulisafisha kisu mashine ikitembea polepole. Kinga ilitusumbua, na wiki mbili kabla ya siku ile mimi niliiinua nikaifunga juu kwa waya. Mimi, Ivone. Mimi kwa mikono yangu. Baba yako alinigombeza. Alisema, "Kaka, ishushe hiyo, itatutafuna." Nikamwambia, "Nenda kafume soksi na wanawake basi." Wenzetu wakacheka. Hakusema tena.

Siku ile mashine ilikuwa imesimama, tunaunganisha jora la kijani. Nyapara ameshatufokea mara mbili. Belmiro alikuta bonge limeganda kwenye kisu, akainama na kitambaa kulifuta. Mgongo wake ulikuwa kwangu. Mimi nipo kwenye kitufe. Nilitazama saa ya ukutani nikabonyeza. Nilipoteremsha macho nikauona uso wake ndani ya rola, ilikuwa inang'aa kama maji ya beseni, na mdomo wake unasema, Ngoja. Labda alikuwa amelisema mara mbili tatu. Mtu mwenye masikio angelisikia. Mimi nililisoma, na kidole kilikuwa kimeshashuka.

Nilizima. Nilichukua mtalimbo nikaupenyeza upande wa dirisha nikainua rola kwa nguvu ambazo sikuwa nazo. Uliteleza mara moja ukaichoma, ndio huo mwezi wako. Nilimtoa. Alinitazama. Hakusema kitu kingine, na nilikuwa nimemkazia macho mdomoni.

Nyapara alikuja akanishika mabega ili nimsome vizuri. Akasema, "Wewe ulikuwa kantini mpaka kengele ya saa tisa. Hukuwepo. Umeelewa?" Wangekuwa watu wawili mashineni, na kinga imefungwa kwa waya, lingekuwa kosa la kiwanda na langu. Akiwa mtu mmoja, ni mzembe mmoja. Nilielewa. Nilikubali hapo hapo, sikusita hata kidogo, na hilo ndilo linaloniumiza kuliko kitufe. Niliukata ule waya nikautia mfukoni, ninao mpaka leo. Kisha akaniambia niumalize uji kabla haujaganda kwenye sinia, nikaumaliza. Na jora lilipokwisha mikono yangu ikakata mzunguko mmoja, ikaukunja, ikaandika tarehe na saa, ikatia saini. Haikuniuliza. Maiti ya ndugu yao ilikuwa bado haijatoka getini.

Kwenye maziko mama yako alisema mbele ya watu kwamba mumewe amemwacha kwa uzembe wake. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Niliyasoma maneno yote.

Tangu siku hiyo sinyoi kwenye kioo. Lifti ya hapa ina mlango wa chuma king'aacho, ndiyo maana napanda ngazi. Mfuniko wa sufuria, dirisha la basi wakati wa magharibi, kijiko. Yumo humo, na mdomo wake unaanza.

Ningeweza kunyamaza mpaka nife. Ila ulisema fundi atachonga vibaya, na sikuweza kukaa nikaiacha rola ile iharibiwe huku mtoto wa Belmiro ndiye anayeiendesha. Hayo ndiyo yote.

Zeferino

*

Bonde la Ave, 22 Septemba 2024

Baba Mkubwa,

Sina salamu leo.

Nina hasira mpaka meno yananiuma. Miaka thelathini na saba nimelelewa na uzembe wa mtu ambaye hakuwa mzembe. "Usiwe kama baba yako." Kila nikitoka nyumbani nageuka kuangalia jiko la gesi, nafika getini narudi tena. Niliachana na mchumba kwa sababu aliendesha gari bila mkanda. Na wewe ulikuja kila Agosti na chokoleti, ukanibeba mabegani.

Umenifundisha kusikiliza kisu kwa goti. Sijui nilifanyie nini goti hili sasa.

Mama sitamwambia mimi. Utamwambia wewe, kwa mkono wako, yote, kama ulivyoniandikia, na huo waya uutie ndani ya bahasha. Uwe umefika kabla ya siku ya makaburi. Tarehe moja Novemba ataosha tena jiwe lile lisilo na picha huku amekunja uso, na mimi sitaweza kusimama kando yake nikimtazama, ilhali ninayajua haya.

Ivone

*

Bonde la Ave, 16 Oktoba 2024

Baba Mkubwa,

Barua yako kwa Mama ilifika Alhamisi.

Aliisoma amesimama jikoni. Supu iliungua mpaka moshi ukatoka dirishani na jirani akaja kugonga, naye hakumfungulia. Niliporudi kutoka kazini nilimkuta amevua aproni, amevaa koti, waya wako ameuzungusha kwenye kidole kama anajaribu pete. Akaniambia, "Nipeleke."

Hajawahi kuvuka geti la Fontão tangu wakati ule. Hermínio alimwona anaingia, akazima mashine, akachomoa, akaja kunipa ufunguo mkononi bila mzaha wowote. Mama akasimama mbele ya kinga, akatazama kwenye rola. Imechongwa upya, inaonyesha mpaka mikunjo ya macho.

"Humu ndimo alimwona?"

"Ndimo, Mama."

"Kwa hiyo alisema ngoja."

"Alisema ngoja."

Kisha akasema, "Mzembe hasemi ngoja." Akarudia tena, kwa sauti, kama vile kuna mtu wa halmashauri anayeandika: "Mzembe hasemi ngoja!" Akalia, Baba Mkubwa. Sijawahi kumwona. Nilidhani mama yangu hajui kulia, kumbe alikuwa amekasirika tu muda wote huo na hasira haikuacha nafasi.

Jumamosi alikwenda kwa mpiga picha na ile picha ya harusi, akachagua upande wa Baba, ule anaocheka huku tai imepinda. Itachomwa kwenye kigae na kubandikwa kwenye jiwe. Itakuwa tayari kabla ya tarehe moja. Amenunua maua ya krisanthemu nyeupe, vyungu viwili, na kila asubuhi anazigeuza zipate jua.

Nilimwuliza kama atakujibu. Hajasema kwamba amekusamehe, na mimi sitasema kwa niaba yake, wala kwa niaba yangu bado. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, nilimwomba arudie nikiwa na kalamu:

"Mwambie shemeji aje tarehe moja. Asimame ng'ambo ya kaburi, ananitazama, na jua linipige usoni. Nina la kumwambia na siliandiki. Atalisoma mdomoni mwangu."

Ivone

*

Esch, 23 Oktoba 2024

Ivone,

Basi linaondoka tarehe ishirini na tisa, linafika mjini Guimarães siku ya pili jioni. Usije kunipokea, nitatembea. Graça nimemweleza. Ameniambia nivae koti zito.

Leo nimenyoa mbele ya kioo. Nimejikata kuliko siku zote, lakini sikufumba macho.

Mwambie mama yako naja. Mwambie aseme polepole.

Zeferino